Kompyuta Isiyo na Taa

Alikuwapo Morogoro mtu aitwaye Kobelo, muuza kompyuta za michezo ambaye hakuwahi kushika bisibisi. Bei alizipanga kwa wingi wa taa.

Siku moja Bi Siwema aliingia na kitenge kilichopauka, akanyooshea kidole mashine iliyomwekamweka rangi saba.

"Hii inawaka kama harusi! Nipunguzie, baba, nichezee gemu la mpira."

Kobelo alicheka hadi akakohoa. "Bibi, hiyo ni ya wenye nazo. Ya kwako ile pale!" Akamwonyesha boksi jeusi lenye vumbi alilozuilia mlango. "Elfu hamsini, uniondolee takataka."

"Na nikijuta je?"

"Soma ukutani."

"Miwani nimeisahau nyumbani."

Kobelo akasoma kwa sauti, wateja wote wasikie na wacheke: "Mali ikishauzwa hairudishwi!"

Siwema akalipa, akadai risiti, kisha akachomoa bisibisi mkobani na kulifungua boksi palepale kaunta. Ndani ilikaa kadi ya picha, kile kifaa kinachoendesha michezo, nene kama mkate, yenye thamani ya mashine tatu za taa.

"Bado ipo," alisema. "Niliifunga mwenyewe, nilipokuwa fundi wa ofisi iliyokuuzia takataka hii."

Kobelo akalikumbatia boksi. "Mama yangu, nimekosea! Shika hela zako, nirudishie!"

Siwema akatia tena mkono mkobani, akatoa miwani, akaivaa taratibu na kuutazama ukuta.

"Haya, mwanangu," alisema, "sasa nikusomee mimi."