Siku Mpelelezi wa Mlimaheri Alipopofuka

Mwezua paa hanyeshewi peke yake.

Ndivyo Bi Saumu alivyomwambia yule mwenzenu aliyeichezea simu ya kikundi mpaka namba za wanachama wote zikafutika. Nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Wapo watakaowaambia yametoka kwa mafundi wa makuti. Msiwasadiki. Fundi wa makuti hana nafasi ya kutunga methali. Yuko juu, anaogopa kuanguka. Methali hii ilizaliwa kwa sababu ya mambo ya hospitali, tena siku za jua kali, bila tone la mvua. Mwanzo wake ulikuwa hivi.

Palikuwa na hospitali iliyoitwa Mlimaheri, imejengwa kufuata mteremko wa mlima, wodi baada ya wodi, ndefu hata uji ukitoka jikoni ukifika wodi ya mwisho umeshakuwa ugali. Katika urefu ule vifaa vilikuwa vinapotea. Si kuibwa, la. Vilifichwa. Muuguzi akipata mashine ya oksijeni isiyosumbua, au kiti cha magurudumu ambacho magurudumu yake yote manne yamekubaliana kwenda upande mmoja, hakiachi mahali pa wazi wenzake wakakichukua. Hukifunika shuka, hukisukuma nyuma ya kabati. Wote walificha, na wote walilalamika kwamba wenzao wanaficha.

Wafadhili wakaleta dawa ya tabia hiyo. Darini wakafunga antena za mtandao usio na waya, kila kifaa wakakibandika kidude kidogo kama kifungo cha koti, na katika chumba cha mitambo wakaweka sanduku jeusi. Kidude huita, antena husikia, sanduku hupima mwito umetoka wapi, kisha huweka alama kwenye ramani: mashine fulani iko wodi ya mifupa, karibu na dirisha. Watu wakaliita sanduku lile Mpelelezi.

Mwangalizi wa Mpelelezi alikuwa Fundi Shemhilu, mtu wa makamo, mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alipata sifa, na sifa zilimkaa kama shati la kushonewa. Husemwa kwamba mpishi mmoja alimbandika kuku wake kidude, na kuku alipopotea Shemhilu akafungua ramani, akamwambia, "Kuku wako yuko nyumbani kwa Matroni, na tangu saa sita hatembei." Mimi sikuwepo, lakini aliyenisimulia hajanidanganya zaidi ya mara mbili.

Mwaka wa tatu ikaja barua kutoka kwa waliotengeneza sanduku: programu imezeeka, ipandishwe toleo jipya. Maelekezo yalikuwa kurasa ishirini na moja. Ukurasa wa pili ulisema, kabla ya yote, toa nakala ya ramani na ya orodha ya vidude, uiweke kwenye diski ya nje. Wa tatu ukasema, kutoka toleo la nne usirukie la sita, pitia kwanza la tano. Wa nne ukasema, ziarifu wodi zote ziandike kila kifaa kilipo, maana kwa muda sanduku halitaona.

Shemhilu aliusoma kwa makini ukurasa wa kwanza, uliokuwa na pongezi.

Si kwamba ya mbele hakuyajua. Aliyajua. Lakini kutoa nakala kulihitaji saa tatu nzima, na saa nane mchana siku ileile walikuwa wanakuja wageni wa hospitali za jirani kumtazama Mpelelezi. Alitaka wamkute na toleo ambalo wao hawajaliona hata kwenye ndoto. Kwenye fomu palipoulizwa, "Nakala imetolewa?" akaweka alama ya ndiyo, akatia sahihi yake yenye mikia miwili.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Bi Mwajabu, mfanya usafi, alikuwa ametoka tu kupiga deki chumba kile. Watu wawili ndio waliokuwa na ufunguo wake, yeye na fundi. Shemhilu akafunga mlango, akarukia toleo la sita.

Mstari wa kijani ukatambaa kwenye skrini, ukafika mwisho. Sanduku likazima, likawaka. Fundi akafungua ramani, akakuta weupe mtupu. Hakuna wodi, hakuna ukuta, hakuna mlango. Na vidude vyote mia mbili kumi na vinne vimerundikana kwenye kona moja ya juu, alama juu ya alama, kama inzi kwenye kidonda. Akajaribu kurudi nyuma. Nyuma ya nini? Hakuwa ameacha kitu cha kurudia.

Simu ikalia. Ilikuwa wodi ya wazazi.

"Fundi, ile mashine ndogo ya oksijeni iko wapi? Tuna mtoto hapa, ndiyo kwanza amezaliwa, hapumui vizuri!"

"Subirini kidogo."

"Fundi, mtoto hasubiri!"

"Naitafuta," akasema, macho kwenye wale inzi.

Zamani wauguzi wangejua pa kukimbilia, maana kila mmoja aliyajua maficho ya mwenzake. Lakini miaka mitatu ya Mpelelezi iliwasahaulisha maficho na haikuwaachisha kuficha. Wakakimbia wodi hadi wodi, wakifunua vitanda. Bi Mwajabu alikuwa ukumbini anakamua deki lake. Akauliza, "Mnatafuta ile ndogo ya kijani? Si iko wodi ya mifupa, nyuma ya maboksi ya plasta, chini ya shuka. Mimi huisogeza kila siku nikifagia."

Ikaletwa. Mtoto akapata rangi, akalia mpaka wodi ya tatu wakamsikia. Lakini robo saa nzima ilikuwa imepita, na robo saa kwa mtoto yule ilikuwa umri wake wote.

Saa saba Mganga Mfawidhi, Daktari Mbelwa, akamwita fundi na Matroni ofisini.

"Fundi, kulikoni?"

"Umeme, Daktari. Nadhani plagi ililegea."

"Ililegea au ilichomolewa?"

Shemhilu akaona mlango umefunguliwa, akapita. "Inaonekana ilichomolewa."

"Na nani?"

"Sijui, Daktari."

Matroni akadakia, "Anayeingia mle asubuhi ni Mwajabu na deki lake. Bila shaka alichomeka simu yake ipate chaji. Hawa tumewakataza mara ngapi?"

Hapo fundi alitakiwa kusema neno moja tu: hapana. Ulimi ule mwepesi ukawa jiwe la kusagia. Akatazama viatu vyake. Bi Mwajabu akaitwa, akasomewa kosa, akasema hakumbuki kugusa waya. Akaambiwa arudishe ufunguo, akae nyumbani mpaka Jumatatu kamati ikae. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufagia hospitali ile, na sasa angetoka kwa mlango wa waliofukuzwa. Akaufuta ufunguo kwa aproni yake, maana mikono ilikuwa na maji, ndipo akauweka mezani. Mtoto aliyemwokoa hakutajwa na mtu.

Siku mbili zikapita, Shemhilu hana raha. Akifumba macho anaiona ile aproni ikifuta ufunguo. Jumapili mchana akachukua kilo mbili za sukari, akaenda kwa Bi Mwajabu. Msidhani alikwenda kuungama. Alikwenda kutafuta nafuu bila kusema kitu, na sukari ni kifaa kizuri kwa kazi hiyo.

Akawakuta Bi Mwajabu na wifi yake Zaituni wanahamisha vyombo kutoka jikoni. Makuti yalikuwa yameoza, na siku ile ndiyo ya kuezua.

"Hodi hapa."

"Karibu! Eh, mwanangu, ni wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja saa nzuri, shika kinu hicho."

Akashika kinu. Baada ya kinu, vyungu. Baada ya vyungu, pipa la unga. Kisha Bi Mwajabu akazunguka ukuta mfupi wa katikati, akaanza kutoa na vyombo vya upande wa pili.

"Mama, hivi si vya jirani?"

"Vya jirani."

"Mbona hatoi mwenyewe?"

"Yuko shamba. Jiko tumegawana kwa ukuta, lakini paa ni moja. Nikiezua halafu wingu likaja, unga wake utalowa, naye hata ngazi hakushika. Mwezua paa hanyeshewi peke yake, mwanangu."

Shemhilu akasimama na chungu mkononi. Bi Mwajabu akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Afadhali umekuja. Nilitaka nije kwako, aibu ikanizuia. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mama?"

"Ile plagi. Sikumbuki kuigusa, naapa. Lakini watu waliosoma wote wamesema. Labda ni fimbo ya deki. Tangu siku ile namuwaza yule mtoto. Ningemuua, mimi mwenye wajukuu. Na wewe nimekuaibisha mbele ya wageni wako."

"Namwambia aache kujilaumu, hasikii," Zaituni akasema. "Hata uji hanywi."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa lawama, na kwa matusi pia. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Uongo wake alidhani umesimama ofisini. Kumbe umemfuata yule mama mpaka jikoni kwake, umelala naye, umemnyima uji.  Akakiweka chungu chini taratibu.

"Mama, hukugusa plagi."

"Unajuaje?"

"Haikuchomoka. Haikulegea hata. Nilikuwa nabadilisha programu ya lile sanduku. Nilitakiwa nitoe kwanza kila kilichomo, kama unavyotoa hivi vyungu. Nikaandika kwamba nimetoa. Sikutoa. Nikaezua."

Zaituni akashika kiuno. "Yaani umemwona anavuliwa ufunguo mbele yako, na leo unatuletea sukari?"

"Zaituni, nyamaza," Bi Mwajabu akasema. Akamgeukia fundi. "Waliponitaja, wewe ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"La sanduku ni haraka, na haraka kila mtu anayo. Lakini hilo la kunyamaza ulikuwa na muda nalo." Akainama, akaokota pakacha la viazi. "Sukari yako urudi nayo. Kesho saa tatu uyaseme haya palepale uliponyamaza, mbele ya walewale. Mimi nitakuja na kanga mpya. Sasa shika upande huo wa kabati, Fundi."

Akashika. Alibeba mpaka saa kumi. Hakupewa maji, wala hakuomba.

Jumatatu kamati ikakaa. Shemhilu akasimama kabla hajaitwa.

"Kaa, Fundi," Daktari Mbelwa akasema. "Wewe ni shahidi tu."

"Mimi si shahidi, Daktari."

Akayasema yote: saa tatu alizozikwepa, toleo alilolirukia, alama ya ndiyo na sahihi yenye mikia miwili, na ile "sijui" yake.   Matroni akaona kuna kitu cha maana sana nje ya dirisha.

"Ungesema siku ileile," Daktari akamwambia, "ungepata onyo na yakaisha. Umengoja nini?"

"Nilidhani nimeharibu sanduku langu, na hasara ni yangu. Jana nikakuta wengine wamelowa." Akamtazama Bi Mwajabu, akashindwa, akatazama meza. "Mwezua paa hanyeshewi peke yake."

Bi Mwajabu akasamehewa kosa asilolifanya, na Daktari akausukuma ufunguo juu ya meza. Bi Mwajabu hakuugusa. "Matroni ndiye aliyenitaja," akasema. "Aniwekee mkononi." Matroni akainuka, akamwekea mkononi, akaomba radhi.

Shemhilu akavuliwa uangalizi wa Mpelelezi, akapewa daftari: apite wodi kwa wodi, avitafute vidude vyote mia mbili kumi na vinne, aandike kimoja kimoja, mpaka ramani ichorwe upya. Ilimchukua wiki tatu. Aliyemwonyesha maficho yote alikuwa Bi Mwajabu. Wauguzi wakimwona anakuja na daftari lake walipiga kelele, "Jamani, toeni vyombo, Fundi huyo!" naye akaendelea kuandika. La dhihaka alilizoea. Lililomchoma ni jingine: tangu Jumapili ile Bi Mwajabu hakumwita tena mwanangu. Alimwita Fundi, kwa adabu kamili, mpaka siku aliyostaafu.

Wagonjwa waliyachukua maneno yale wakaenda nayo makwao, ndipo yakafika mpaka kwa Bi Saumu wenu. Basi, mkimwona mtu ameharibu jambo kwa haraka yake, msikodoe macho kumtazama yeye aliye juu. Tazameni ndani, nani mwingine amelowa naye amekaa kimya akidhani kosa ni lake. Na kama aliye juu ni wewe, shuka ukaseme.

Mwezua paa hanyeshewi peke yake.