Mwenye Mgonjwa

Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho wa hadithi hii mtautoa nyinyi.

Katika milima ya Rungwe, kwenye kijiji cha migomba na mvua isiyokatika, palikuwa na watu wanne waliomhangaikia mwanamke mmoja. Mwanamke huyo aliitwa Tumpe. Akili yake ilikuwa ikimwacha kwa muda, kisha ikimrudia.

Wa kwanza alikuwa Gwakisa, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Kipaji chake kilikuwa sheria na uvumilivu: angeketi kwenye benchi la ofisi ya serikali mpaka mkubwa wa ofisi achoke yeye kwanza.

Wa pili alikuwa Sekela, muuza ndizi. Kipaji chake hakukiomba. Aliwahi kuugua, akafungwa mnyororo, na kovu likabaki kwenye kifundo cha mguu. Kwa hiyo alijua watu hufichwa wapi.

Wa tatu alikuwa Subilaga, fundi cherehani. Aliweza kukaa na mtu asiyesema, bila kumsemesha, mpaka mwenyewe aseme.

Hao watatu walikuwa na chama chao cha kutetea haki za wagonjwa wa akili, na chama kilikuwa na maneno yake ya mwiko. Mwanachama hakusema kichaa. Wala hakusema mwenye mgonjwa, ingawa hospitali zote humwita hivyo ndugu aliyemleta mtu. "Binadamu si mbuzi hata awe na mwenyewe," Gwakisa alipenda kusema.

Wa nne alikuwa Ambokile, mume wa Tumpe. Yeye hakuwa na kipaji kilichojulikana. Alikuwa mtu wa kukubali. Kaka yake Tumpe alipofika na kusema, "Shemeji, huyu tunampeleka kwenye maombezi," Ambokile alitazama chini, kisha akaenda kumkunjia mkewe kanga.

Katika nyumba ile ya maombezi wagonjwa walifunga, na pia walifungwa. Tumpe alifungwa kwenye gogo lililokuwa kando ya ua. Ambokile alikatazwa kuingia, basi kila asubuhi alikwenda nyuma ya ua wa matete, akakohoa, akapenyeza ndizi za kuchemsha. Mkono ulitokea, ukazichukua. Hakuweza zaidi ya hapo, naye alilijua hilo. Ndipo akakiendea chama.

Watatu wale wakafuatana naye hadi mlangoni. Mwenye nyumba, mtu wa sauti ya upole, akauliza, "Mwenye mgonjwa ni nani?"

Ambokile alifungua kinywa. Gwakisa akamtangulia.

"Huyu hana mwenyewe," alisema, kwa madaha kidogo, kama asemavyo kwenye semina.

"Hana mwenyewe?"

"Hana. Ni mtu."

"Basi kama hana mwenyewe, sina wa kumkabidhi." Mwenye nyumba akarudisha mlango, na siku hiyohiyo akamhamisha Tumpe. Asubuhi Ambokile alikohoa nyuma ya ua. Akakohoa tena. Mkono haukutokea.

"Umeona, mzee," Sekela alimwambia Gwakisa. "Umemtetea mpaka amepotea."

Sekela akavua viatu, akajitanda kanga mpaka usoni asitambuliwe, akaingia kwenye nyumba ile kama mtu anayetaka kuombewa. Ilikuwa ndiyo nyumba aliyofungwa yeye zamani. Alipiga magoti mbele ya watu walewale waliomfunga, akainamisha kichwa, akatega sikio, na mnyororo akausikia nyuma, kwenye banda la kuni. Bila Sekela, hakuna ambaye angejua pa kumtafuta.

Gwakisa akaketi kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii. Hakutoka hata kwenda kula. Mwishowe ofisa akainuka, akaita polisi, wakaenda. Bila Gwakisa, mlango usingefunguka.

Mnyororo ulikatwa, lakini Tumpe hakutaka kuinuka. "Niende wapi?" aliuliza. "Nimesikia kwa masikio yangu kwamba sina mwenyewe." Polisi wakataka kumbeba. Subilaga akawaomba wasubiri, akaketi kwenye vumbi la kuni, akanyamaza naye, mpaka polisi mmoja akaanza kupiga miayo.

"Yule anayekohoa yuko nje?" Tumpe aliuliza hatimaye.

"Yuko."

Akainuka. Bila Subilaga, angetolewa kama alivyoingizwa, kwa nguvu.

Na bila zile ndizi wangemkuta amekufa. Hilo alilisema daktari, si Ambokile.

Hospitali ikamtibu Tumpe. Akili ikarudi, akawa anawasuka wenzake nywele wodini. Ilipofika siku ya kuruhusiwa, wanne wote walikuja, na muuguzi akauliza, "Mwenye mgonjwa ni nani?"

Walitazamana. Neno lilikuwa limewafuata.

"Tuko wanne," alisema Subilaga.

"Mtu mmoja hakabidhiwi kwa wanne, dada. Nataka mmoja. Akiugua tena, huyo ndiye tutakayemsikiliza: aletwe au asiletwe, akae wapi, na nani."

"Ni mimi," alisema Tumpe. "Mwenye mgonjwa ni mimi."

Muuguzi alicheka, wala si kwa ubaya. "Mama, mgonjwa ndiye wewe. Siku usipoweza kusema, nimuulize nani?"

"Basi nitajeni mimi," alisema Gwakisa. "Nikiona dalili tu, namleta."

"Hata akikataa?" aliuliza Sekela.

"Hata akikataa."

"Hiyo ni nyumba ya maombezi iliyopakwa rangi nyeupe, mzee. Mimi simpeleki mtu asikotaka."

"Na siku akielekea mtoni kujitosa?"

Sekela aliinama, akakishika kifundo cha mguu wake.

"Mimi ningengoja aseme mwenyewe," alisema Subilaga.

"Asiposema?" aliuliza muuguzi.

"Ningengoja."

Wakamgeukia Ambokile. Alitaka kusema kwamba yeye ni mumewe. Lakini nje ya geti alimwona kaka yake Tumpe, amevaa koti, amesimama kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake. Ambokile alijijua. Shemeji akisema neno, yeye atatazama chini. Akakohoa. Tumpe akageuka kumtazama.

"Nafunga geti," alisema muuguzi. "Msipomtaja mtu, yule kaka yake ameshaniambia yuko tayari."

Sekela alimpata. Gwakisa alifungua mlango. Subilaga alimwinua. Ambokile alimlisha. Na Tumpe ndiye mwenye maisha yenyewe. Muuguzi amesimama na ufunguo mkononi, kaka mtu ameanza kusogea, na hakuna anayesema.

Je, nyinyi mnaosikiliza, mngemtaja nani?