Jibu la Ijumaa

Ndugu zangu, tumekwisha kuswali, na najua chakula kinawangoja nyumbani. Kaeni kidogo tu. Nanyi wanangu mlioegemea ukuta kule nyuma, sogeeni. Leo nataka tushike neno moja, neno dogo ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani analo mdomoni kutwa. Neno lenyewe ni "tumesikia."

Fikirini kisiwa kimoja kidogo, kikavu, kisicho na kisima cha maji matamu. Ukichimba, unapata chumvi. Watu wa zamani wakafanya nini? Wakalitazama jabali moja pana, lililoinama kama paa la nyumba, wakajenga birika chini yake. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya jabali, huingia mferejini, hutulia birikani. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia, ya kutawadhia, ya kuoshea maiti. Watu wote wa kisiwa kile walinywea hapo.

Upande wa pili wa kisiwa walitaga ndege weupe wa baharini. Lakini panya walikuwa wameingia, walishuka na mizigo kutoka vyomboni, nao walikula mayai, na makinda yakiwa hai. Kila mwaka ndege walipungua. Mwishowe wakaja watu wa mradi mmoja kuwaokoa. Hawakuwa watu wabaya. Nawaomba mlishike hilo, maana hadithi ya watu wabaya haitufundishi kitu. Kila mmoja wetu huisikiliza akimfikiria jirani yake.

Na mradi ule ulikuwa na sharti zuri: chochote kisiwekwe katika ardhi ya watu mpaka wenyewe waridhie.

Basi siku ya Jumanne mkuu wa mradi akakutana na watu wa kisiwa. Akawaeleza vizuri, kwa picha, bila haraka. "Tutatandaza sumu ya panya kisiwa kizima, vidonge vya buluu, bila kuacha kona. Akibaki panya mmoja mwenye mimba, kazi yote imekwenda bure. Mbuzi na kuku itabidi wafungwe. Mmesikia?"

Bibi mmoja, yule aliyekuwa akiutunza mfereji wa birika, akanyoosha mkono. "Na mume wangu naye nimfunge? Maana naye hula kila anachokiona."

Watu wakacheka, mkuu wa mradi akacheka, na mume mwenyewe akacheka kidogo.

"Mfunge, bibi, kwa usalama wake! Lakini nyote mmesikia, wazee wangu na mama zangu?"

"Tumesikia, mwanetu," wakajibu wote kwa pamoja.

Walipokuwa wakiondoka, mwenzake akamuuliza, "Mkuu, wameridhia kweli? Sharti letu unalijua."

"Masikio yako yako wapi? Si wamesema wenyewe wamesikia?"

Je, alikosea? Msifanye haraka kumhukumu. Huyu alilelewa katika nyumba ambamo mama akisema "umesikia?" na mtoto akasema "nimesikia," basi mtoto amekwishaondoka kwenda kulifanya. Hata sisi, mtoto asiyetii tunamwitaje? Tunasema huyu hasikii. Masikio anayo mazima, lakini hasikii.

Kisiwani kule, hata hivyo, neno lilitembea kwa njia nyingine. Mgeni akileta jambo, hupewa masikio siku ileile, na jibu hupewa Ijumaa, baada ya swala. Siku za katikati jambo huingia majumbani, huzungumzwa jikoni, huzungumzwa penye birika, mpaka likutane na mtu anayejua uzito wake. "Tumesikia" ilikuwa maana yake: jambo lako limeingia mlangoni, sasa lipe nafasi likae. Hakuna aliyemweleza mgeni desturi hiyo. Nani anayemweleza mgeni jambo analodhani dunia nzima inalijua?

Alhamisi alasiri mkuu wa mradi na vijana wake wakapita na ndoo zao, wakimwaga vidonge. Walimwaga vichakani, wakamwaga ufukweni, wakapanda na jabali. Yule bibi alikuwa birikani na jirani yake wakichota maji.

"Shoga," akasema jirani, "wale wanamwaga nini juu ya jabali letu?"

"Hao? Wanajaribu tu. Jibu letu si kesho? Mtu atamwagaje sumu kabla hajajibiwa?"

"Twende tukawaulize."

"Ukamhoji mgeni kama mwizi! Huna haya wewe? Kesho tutawaambia kwa adabu: kote sawa, jabali hapana. Haya, nitwishe ndoo yangu."

Kote sawa, jabali hapana. Mnaona, wanangu? Jibu lilikuwa limekwisha kuiva. Mkuu wa mradi angeliambiwa hivyo angelikubali bila ubishi. Jabali wangeliwekea mitego ya kawaida. Jibu lilikuwa tayari, na aliyelihitaji alikuwa pale pale jabalini, umbali wa sauti tu. Lakini yeye alidhani amekwisha kujibiwa, na bibi alidhani bado hajaulizwa sawasawa.

Ijumaa alfajiri ikanyesha mvua, nzito. Watu wakashukuru. Nyumbani kwa yule bibi alikuwamo mkwe wake, mzazi mchanga, anayekandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na kitoto chake bado hakijatoka nje. Bibi akachukua ndoo akaenda birikani akiimba. Birika limejaa pomoni. Akainama kuchota, akaona juu ya maji kitu cha buluu. Akakiokota, kikamlegea vidoleni kama wali uliolowa. Akaona kingine. Kisha akaona vingi.

Ndugu zangu, sauti aliyoitoa bibi yule ilifika kila nyumba. "Msichote! Msichote! Aliyechota amwage!"

Basi fikirini. Birika limejaa, watu wamelizunguka na ndoo tupu, na hakuna wa kuchovya kidole. Nyumbani yupo mzazi anangoja maji. Yupo mtoto. Wakati wa ukame walikuwa wamewahi kulia pale kwa sababu birika ni tupu. Kulia kwa sababu limejaa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mkuu wa mradi akaja mbio. Akaona, akajishika kichwa.

"Bibi, nisamehe. Lakini mlisema mmesikia!"

"Tulisikia, mwanangu. Tungelikuwa viziwi tungelikwambia."

"Kwetu mtu akisema amesikia, amekubali."

"Na kwetu akisema amesikia, ndiyo kwanza anaanza kufikiri."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na leo mngenijibu nini?"

"Kote sawa, jabali hapana."

Mtu yule akakaa chini palepale, penye matope.

Siku ile ile maji yakaletwa kwa boti, madumu kwa madumu, na dumu la kwanza likapelekwa kwa mzazi. Vidonge vikaokotwa jabalini kimoja kimoja. Kesho yake mkuu wa mradi akasimama mbele ya watu tena. Safari hii hakuwa na picha wala maelezo marefu. Akasema, "Kosa ni langu. Birika tutalimwaga na kulisugua, na maji tutaleta mpaka mvua ijayo. Kazi ya panya imesimama. Mkitaka iendelee, mtatuambia namna. Msipotaka, tutaondoka bila kinyongo. Mmesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

Watu wakangoja aage aende zake. Hakwenda. Akavua viatu akaviweka pembeni.

"Leo Jumamosi," akasema. "Nipeni kazi ya kufanya mpaka Ijumaa."

Bibi akamtazama sana. Kisha akamtupia brashi. "Birika unalijua lilipo."

Sasa niwaulize. Mkosa ni nani? Naona wanangu kule nyuma wananyoosha vidole: ni mkuu wa mradi! Kweli. Aliyeshika sumu ndiye aliyepaswa kuuliza mara ya pili, akauliza mpaka akajua jabali ni kitu gani kwa watu wale. Nia yake njema haikusafisha maji. Nia njema ni mzigo, ndugu zangu. Mwenye kuibeba huangalia zaidi anapokanyaga.

Lakini na bibi je? Aliona kwa macho yake. Alikuwa na maneno manne mdomoni, akayafunika kwa adabu mpaka kesho. Adabu gani hiyo inayomwacha mgeni atumbukie shimoni, nawe ukatumbukia naye?

Na sisi ni nani katika kisa hiki? Mara nyingi sisi ni mkuu wa mradi. Baba anaiambia nyumba yake, "mmesikia?" nyumba inasema "tumesikia," naye anadhani ameridhiwa. Tunawapelekea maskini msaada tulioukata sisi kwa kipimo chetu. Mara nyingi pia sisi ni bibi. Mkutanoni tunaitikia, njiani tunanung'unika. Hata adhana ikilia tunasema tumesikia, na tumelala.

Jumatatu walikuja hapa wageni wa mradi wa kasa. Wanataka kuzungushia uzio ufuo wetu wa kusini, kasa wapate kutaga kwa amani. Jambo jema. Kasa hana ulimi, na Mola ametuweka sisi tuwe walinzi wake. Nilikuwapo, nikasikia tulivyowajibu. Tulisema nini?

Naam. Tulisema tumesikia.

Tangu Jumatatu, nani kati yetu aliyelipeleka neno hilo jikoni? Nani aliyewauliza akina mama wanaookota chaza ufuo ule ule, maji yakitoka, kwamba uzio ukipita pale wao watapita wapi? Mke wangu ni mmoja wao. Jana usiku ndipo nilipomuuliza. Akaniambia, "Waache mlango upande wa mikoko, na sisi wenyewe tutawalindia mayai ya kasa." Maneno machache. Yalikuwa yamekaa ndani ya nyumba yangu yananingoja niulize.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Wageni wako barazani, wamevua viatu. Akina mama wamekwisha kukaa, nawasikia kutoka hapa. Inukeni twende tukawaonyeshe wageni jabali letu liko wapi.