Samaki wa Kauri na Nta ya Mshumaa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa kauri nyeupe, maji tumboni, wivu mlangoni.

Hapo zamani, nchi ya Korea, walikuwako binamu wawili waliolelewa na bibi mmoja. Mkubwa Doksu, mdogo Sangil. Wote walisomea mtihani wa mfalme. Anayefaulu anakuwa bwana mkubwa; anayeshindwa anarudi kusoma.

Wino wa kule ni mkavu, husagwa kwa maji juu ya jiwe. Basi bibi akawapa kila mmoja kichupa cha kauri cha kudondoshea maji. Doksu akapata chenye umbo la pichi, tunda la kule. Sangil akapata chenye umbo la samaki.

"Pichi ni maisha marefu," bibi akasema. "Samaki ni yule wa hadithi aliyepanda maporomoko akageuka joka. Huyo ni kufaulu."

Weee! Moyo ukamchoma Doksu. "Yaani mimi niishi sana, nikishindwa kila mwaka?" Akila, anamwona samaki. Akisoma, anamwona samaki. Akilala, anamwona samaki.

Sasa tegeni sikio. Kichupa kile kina matundu mawili, la maji na la hewa. Ukiziba la hewa, maji hayatoki. Asubuhi ya mtihani, Sangil akiwa anaoga, Doksu akachukua nta ya mshumaa, akaliziba tundu la hewa ndi! Kisha akaketi kama hakuna kitu.

Njiani Sangil akasimama. "Kaka, nimeona unavyomtazama samaki wangu. Roho inaniuma. Mchukue wewe, mimi nipe pichi."

Haya, wenzangu, angesema nini? Aseme, "Sitaki, nimemziba"? Akanyoosha mkono, akapokea.

Ukumbini kimya. Doksu akamwinamisha samaki: hakuna. Akamtikisa: hakuna. Akaichokonoa nta kwa ukucha: imezama ndani, haitoki. Kuomba maji kwa mwenzako ni marufuku. Kwa hasira akamgonga kwenye jiwe, pwaa! Maji yote yakamwagikia karatasi yake.

Sangil akafaulu. Alipokuja kuokota vipande vya samaki wa bibi, akaiona nta. Akamtazama Doksu, Doksu akatazama chini. Sangil akamwekea pichi mkononi.

"Chukua kilicho chako, kaka. Uishi miaka mingi."

Naye akaishi. Akaishi, akaishi, akaishi mpaka nyusi zikaota mvi, na kila Sangil akipita juu ya farasi, moyo unamchoma upya.

Hadithi yangu imekauka hapa. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake mwachieni Doksu, bado yu hai.