Ng'ombe Aliyeomba Afungiwe

Haya, sogeeni, anayesinzia aamshwe, niwasimulie ya Mbeyu.

Mbeyu alikuwa mjane asiye na mtoto, na mwenzi wake alikuwa ng'ombe wake, Kidoti. Mwaka huo zimwi Sotoka aliranda nchini, akimwingia ng'ombe mmoja na kumrukia mwenzake kwa pumzi. Asubuhi moja, ndama wake akiwa malishoni na mifugo ya kijiji, Kidoti alitokwa na udenda, akanena kama binadamu.

"Mama, Sotoka ameniingia. Nifungie peke yangu. Hata nikikulilia, usinifungulie."

Mbeyu akaziba mlango wa zizi kwa miiba.

Jua lilipopanda, Kidoti akaita, "Mbeyu, nifungulie nikanywe mtoni!" Mbeyu akalia, asifungue. Jua lilipofika utosini, akaita, "Mbeyu, nifungulie nikalale kivulini!" Mbeyu akalia, asifungue. Jua lilipokuwa likitua, sauti ikaja nyembamba, "Mbeyu, nifungulie nimwone mwanangu."

Mbeyu akaishika miiba hata viganja vikavuja damu.

"Kidoti wangu, si wewe uliyenikataza?" akasema, akaketi chini, asifungue.

Kidoti akafa, na Sotoka, kwa kukosa wa kumrukia, akafia ndani yake. Watu wakamzika kwenye shimo refu pamoja na ngozi yake, wakalichoma zizi. Hakuna ng'ombe mwingine aliyeugua, na kijiji kizima kikacheza ngoma.

Mbeyu hakwenda ngomani. Ndama alikuwa amerudi, akizunguka nyumba na kumwita mama yake. Kila alipoita, Mbeyu aliitika.

Ngano yangu imelala hapo. Nanyi mlale salama.