Mbuzi wa Kuwaaga Wakubwa

Mkurugenzi wa manispaa aliwatisha madiwani: yeye na wakuu wa idara wasipoongezwa mishahara wataondoka, maana miji mingine inawagombania.

Diwani Machupa, aliyejijua kuwa bingwa wa kusinzia vikaoni, akajifuta macho.

"Mimi hakuna anayenigombania. Hata mke wangu alinikubali baada ya kukosa mwingine. Tuacheni tujipange, tutawajibu kesho."

Kesho yake Mkurugenzi na wakuu walikuta ukumbi umepambwa, ngoma inalia, na mbuzi yuko motoni.

"Tunawaaga," alisema Machupa kwa huzuni. "Hatuwezi kuwazibia riziki. Rudisheni funguo za magari, tule."

Mkurugenzi alidakia: "Nani kasema tunaondoka?"

"Kumbe mnabaki? Kwa mshahara uleule?"

"Uleule!"

"Afadhali," Machupa akashusha pumzi, akivuta sahani ya nyama. "Hotuba ya kuwaaga sikuiandika. Nilisinzia."