Chumvi ya Matika

Msicheke, wajukuu zangu. Habari hii ya mkojo niliachiwa na bibi yangu mzaa mama tulipokuwa tukikwangua udongo wa chumvi mbugani. Siku hizi natamani hata ukali wa bibi huyo.

Zamani hizo watu waliishi kando ya mto tu. Ndani ya kila mmoja walikaa Figo wawili, mapacha, kazi yao kuosha damu. Hawakujua kubana matumizi. Wakishaosha, walimwaga maji yote nje. Mtu alikunywa kibuyu, akakojoa kibuyu, na nani angejali? Mto ulikuwa pale. Bibi mwenyewe hakuwahi kuuona mto huo.

Kisha ukakauka. Matika, mchuja chumvi, akashika njia kwenda kisima cha mbali, mwendo wa siku mbili, kichanga mgongoni na kibuyu kimoja mkononi. Adhuhuri kibuyu kilikuwa kitupu, na yote aliyokunywa ameyakojoa, yamebaki mchangani nyuma yake. Maziwa yakakatika. Mtoto alilia, kisha akaacha hata kulia.

Akaokota tango pori, akalikata, na kwa mazoea ya kazi yake akalinyunyizia chumvi. Maji yakalitoka, lakini yalikuwa chumvi tupu, mtoto akayatema. Matika akakaa chini.

“Figo, mimi na ninyi akili zetu moja,” alisema. “Mimi nimeliharibia tango maji yake, ninyi mmeniharibia yangu. Mwanangu ndiye anayekufa.”

Figo waliona aibu. Lakini walikuwa wameona pia jinsi chumvi ilivyoyavuta maji. Wakaiweka chumvi katika chumba chao cha ndani kabisa, wakayapitisha maji machafu kando yake. Chumvi ikayavuta, damu ikayapokea tena. Kilichotoka nje kilikuwa kidogo, cha manjano, chenye harufu kali. Jioni maziwa yakarudi, tone kwa tone.

Kisimani Matika alikunywa akashiba. “Pumzikeni sasa, wanangu,” aliwaambia Figo.

Na tangu siku hiyo, tukishiba maji mkojo huwa mweupe, Figo wamepumzika. Ukiwa wa manjano, wako kazini. Mto haukurudi, ila mtoto yule alikua, na katika uzao wake akaja bibi yangu. Kila asubuhi nikiona manjano namkumbuka, najaza kikombe na kunywa chote, kama alivyokuwa akinilazimisha.